Bendera ya Fundi wa Gatsata

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia. Fundi wake hana jina, wala usimtafute. Mahali pake ndipo pa kweli: Gatsata, wilaya ya Gasabo, ukishapita Nyabugogo ukashika barabara ya kaskazini iendayo Gicumbi na mpakani Gatuna. Kwa miaka mingi mwenye gari bovu mjini Kigali ameelekezwa huko, kwenye magereji, maduka ya vipuri na vijana wanaoshinda chini ya malori.

Fundi huyo alikuwa bingwa wa injini za dizeli. Mwaka mmoja, Julai ilipokaribia, mwezi ambao Rwanda huadhimisha Uhuru tarehe 1 na Ukombozi tarehe 4, alinunua bendera kubwa kuliko zote mtaani, akaifunga kwa waya kwenye ukingo wa paa. Aliifunga kwa haraka: kijani kikawa juu, jua likawa chini. Bendera ya Rwanda haina ugumu. Buluu huchukua nusu nzima ya juu, njano na kijani hugawana nusu ya chini, na jua lenye miale 24 hukaa ndani ya buluu, upande ulio mbali na mlingoti. Anayeitazama kwa makini hawezi kuikosea. Yeye hakuitazama. Wapita njia walimsifu, naye akaanza kuwauliza mafundi wenzake, tena mbele ya wateja, kwa nini wao hawaipendi nchi yao.

Ziangalie basi siku zake nyingine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majirani wakitoka na majembe kwenda umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, yeye alishusha mlango wa bati akaendelea kufungua giaboksi ndani. Badala yake alimtuma saidia fundi wake, kijana ambaye hajafikisha hata miaka 18, umri ambao umuganda huanza kuwa wajibu. Oili chafu aliimwaga mferejini, ikateremka hadi bondeni kwenye kinamasi cha Nyabugogo. Kijana aliyaona yote, maana ndiye aliyebeba ndoo.

Hapa niseme jambo moja kabla sijaendelea. Bendera hii ilianza kutumika mwaka 2001, na wimbo mpya wa taifa ukafuata tarehe 1 Januari 2002. Ile ya zamani, nyekundu, njano na kijani yenye herufi R nyeusi katikati, ndiyo iliyokuwa ikipepea wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Waliobaki hai walistahili bendera ambayo wangeweza kuinulia macho bila kutetemeka. Wapo Gatsata, wanapita barabarani kila siku, wanaleta magari yao kutengenezwa. Anayetundika bendera mahali kama hapo na awakumbuke hao kabla ya kukumbuka wateja.

Julai ikapita, bendera ikabaki pale pale. Ikala vumbi la kiangazi na moshi wa malori, kisha mvua. Kufikia Aprili ilikuwa imepauka na kuchanika, na kipande chake kimeanguka kando ya kopo la grisi. Tarehe 7 Aprili wiki ya maombolezo ikaanza. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, watu wakakutana mitaani kwa mazungumzo ya kumbukumbu. Katika wiki hiyo mama mmoja alikuja kuchukua gari lake, akamkuta kijana anafuta mikono kwa kitambaa cha buluu na njano.

Fundi alipoona mama ameona, alimzaba kijana kofi. "Unaichezea bendera ya taifa?"

"Nisamehe, mzee," kijana akasema. "Nilidhani ni tambara. Iko hapa chini tangu mvua zianze."

Mama akamgeukia fundi. "Baba, huyu mtoto kaiokota tu. Aliyeiacha ikaanguka ni nani?"

Fundi hakuwa na jibu. Mama alilipa, akakiomba kile kipande, akakipeleka kwa kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa wao. Fundi akaitwa mbele ya majirani wale wale aliowatuhumu. Alianza kuulizwa habari za bendera, maswali yakahamia kwenye umuganda, kisha kwenye oili ya mferejini, na kila swali lilikuwa na shahidi. Kabla ya mwezi kwisha kijana alikuwa amehamia gereji nyingine, na wateja wawili wa zamani wakamfuata.

Mimi kosa kubwa kuliko yote naliona kwenye lile kofi. Bendera iliyofungwa kichwa chini hugeuzwa, na iliyochakaa hushushwa. Lakini kijana anayepigwa kwa uzembe wa mkubwa wake hujifunza kuiogopa bendera, na mwenye hofu huishika vizuri pale tu anapotazamwa. Mfano ni Tanzania Bara na Zanzibar: bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni kwenye kituo cha polisi, mtembea kwa miguu aliyelelewa kuiheshimu husimama wima mpaka shughuli imalizike, mwenye baiskeli naye hushuka. Hawakufundishwa kwa makofi. Waliwaona wazazi wao wamesimama.

Basi wewe mwenye gereji, duka, au pikipiki uliyoifungia kibendera, toka nje leo uitazame. Jua likiwa chini, igeuze. Ikiwa imepauka au kuchanika, nawa mikono, ishushe, ikunje, uwaulize viongozi wa mtaa wako namna ya kuihifadhi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikifika, usimtume mtoto. Nenda mwenyewe na jembe lako.