Herufi na Makubaliano Yanayoitangulia

Swali la kale la falsafa ya lugha, kama maana imo ndani ya alama yenyewe au katika makubaliano ya wasomaji, hujitokeza waziwazi katika lugha ya programu iitwayo C, ambamo maandishi hupokelewa kupitia ingizo sanifu, yaani mkondo ambao kwa kawaida huleta yanayochapwa kwenye kibodi. Kipitacho mkondoni si herufi bali ni baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255. Alifu ya Kiarabu, ikiandikwa kwa mfumo wa UTF-8, huwa baiti mbili, 0xD8 na 0xA7, na fanksheni ya getwchar, iliyoingia katika kanuni rasmi za C mwaka 1995, huziunganisha ziwe herufi pana moja, yaani namba moja inayosimamia herufi nzima, mradi programu iwe imekwisha kuita setlocale na kuchukua desturi za maandishi za mashine inamotumika, nazo ziwe za UTF-8. Makubaliano hayo hayasomwi kutoka mkondoni. Hutangulia, na mkondo ulioanza kusomwa kwa baiti haugeuzwi kuwa wa herufi pana mpaka ufunguliwe upya.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe, penye Tabora, hadi Ujiji, ililijua sharti hilo la makubaliano yanayotangulia mapema zaidi, katika barua zake. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu katika karne ya 19 kiliweza kuibebesha herufi ya ba sauti za b, p na mb, hata "bata" na "pata" zikafanana, na aliyepokea barua alizitenganisha kwa kumjua mwandishi na biashara yake. Hapa C hufika kikomo, kwa kuwa getwchar ingeirudisha ba hiyo bila kosa lolote, na neno lingebaki halijasomwa. Zaidi ya hayo, na hili ni doa katika usanifu wake, fanksheni hiyo hutoa jibu moja, WEOF, kwa maandishi yaliyokwisha na kwa yale yaliyoshindikana kufasiriwa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili zamani tatizo hilo la herufi yenye sauti nyingi: misahafu ya kwanza mara nyingi haikuwa na nukta za kutenganisha herufi, hivyo usomaji ulipokewa kinywani mwa mwalimu, na hati ikawa msaada wa kumbukumbu. Msimamo huo, kwamba makubaliano huitangulia hati, una nguvu kuliko ule unaoiona herufi kuwa chombo kilichojaa maana. Mfano ni wa mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake alilowea Tabora, na ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alipoyahamishia katika hati ya Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903, kila herufi iliyobeba sauti zaidi ya moja ilibidi iamuliwe, na msomaji wa toleo hilo haoni tena kwamba palikuwa na uamuzi.