Neema Isiyo na Njia

Mvua ni neema. Lakini inyeshapo juu ya paa lisilo na mlizamu wala birika, maji yote hupita yakenda zake baharini, na kesho mwenye nyumba huamka akitafuta maji ya kununua. Je, huyo amenyimwa neema, au ameshindwa kuipokea? Twauliza haya kwa sababu ya umeme.

Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari. Lakini waya wa kuuleta umeme huo hadi Suswa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, haukumalizika ila Septemba 2018. Muda huo upepo ulivuma na mkataba ukadai haki yake; fidia ya mabilioni ya shilingi ikawa juu ya nchi, kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Na waya ulipofika, shida haikwisha. Umeme hautiwi guniani; hutumiwa papo hapo uzalishwapo. Jua huzama wakati watu ndio kwanza wanawasha taa. Usiku wa manane upepo wa Turkana huvuma hali ya kuwa watu wamelala. Hapo mitambo huzuiwa, na huko Olkaria mvuke wa ardhini huachiwa ukapotea hewani. Kisha jioni, hapa petu Kipevu na Rabai, huchomwa mafuta. Dawa yajulikana, nayo ni ghala ya umeme: ama betri kubwa, kama ile ya megawati 100 iliyowekwa South Australia mwaka 2017, ama maji yapandishwayo mlimani usiku, yakateremshwa jioni kuzungusha mitambo.

Basi kwa nini njia na ghala huachwa nyuma? Kwa kuwa wakubwa hupenda kufungua kinachoonekana, wala hapana apigiwaye makofi kwa nguzo iliyo jangwani. Nasi walipaji twasema, hayo hayatuhusu. Wanavyuoni wametufunza fardhi kifaya: wakiitimiza baadhi, wote huvuliwa jukumu, ikiachwa, lawama ni ya wote. Waya ule ulikuwa mfano wake katika mambo ya dunia. Ulipochelewa, hasara haikuwaangukia wenye dhamana peke yao. Mjane mwenye taa moja naye alihesabiwa.

Watasema wengine: mwenye uwezo na aweke paneli na betri juu ya paa lake. Hilo si kosa, na huenda likawa busara. Lakini kila ajitoaye huwaachia gharama ya nguzo na waya wale wasioweza kujitoa, na wengi wao ni wanyonge. Kuiokoa nyumba yako si kuuokoa mji.

Kwa hiyo twaona yapasa, kabla mtambo mpya haujatiwa saini, kuulizwe mbele ya watu: njia yake i wapi, na ghala yake i wapi? Gharama ya viwili hivyo igawanywe kwa uadilifu, atumiaye sana alipe zaidi. Nasi tusiichukie gharama hiyo kwa kuwa haionekani. Kilichotuumiza si kulipia waya. Ni kulipia upepo tusioutumia.