Adabu ya Macho katika Kisiwa cha Ibo

Msafiri atokaye Tandanhangue, bandari ndogo ya bara kaskazini mwa Msumbiji, kwenda kisiwa cha Ibo hana budi kungoja maji yajae, kwa kuwa yakipwa, njia ya mikokoni hubaki tope tupu. Na akiisha kuvuka, kwanza humvutia majumba ya mawe na chokaa yenye baraza pana, kisha ngome ya São João Baptista, ambayo Wareno waliijenga mwaka 1791 kwa umbo la nyota. Hutazama, husifu, hupiga picha. Nami nauliza: furaha ile ya macho ina uhalali gani, iwapo twajua kwamba kisiwa hiki kilineemeka kwa kuuza watu, waliopakiwa merikebuni kupelekwa Mauritius na Réunion, na kwamba ngome hiyo hiyo, zama za vita vya ukombozi, ilikuwa gereza?

Sheria ya Kiislamu haikukataza kutazama. Bali Kurani imewahimiza watu kusafiri na kuzingatia hatima ya waliotangulia, na Imamu Ghazali, katika Ihya, mkusanyo wake wa vitabu vya dini, ametenga kitabu kizima kwa adabu za safari. Atakayeishika hoja hii atasema kuwa magofu ni mawaidha, na mawaidha hayamdhuru mtu. Naiona hoja hiyo pungufu, kwa sababu mazingatio yale yaielekea nafsi ya mtazamaji mwenyewe, wala si waliouzwa. Na hata tukijitazama nafsi zetu, sisi watu wa pwani yatupasa kuona haya, maana dhuluma ile ya kuuza watu hatuwezi kuwatwika Wareno peke yao. Walikuwamo waliovaa kanzu, wakaswali sala tano, kisha wakakaa kuhesabu thamani ya binadamu wenzao.

Ndani ya ngome leo hufanya kazi wafua fedha. Mmoja nilimwona akisokota uzi mwembamba kama unywele, ameuinamia hata pua yake karibu iuguse, na mgeni amemsimamia akiuliza bei, salamu hajatoa. Fikihi haitamhukumu mgeni yule, lakini mimi namlaumu kuliko aliyeisifu ngome bila kuijua habari yake, kwani fundi amemhesabu pamoja na kuta.

Ghazali alimtia pia katika wasafiri yule akimbiaye madhara. Tangu Oktoba 2017, mapigano ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia, huko bara, na tena baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, watu wengi waliohama makwao wamefika Ibo kwa mashua, na waliofika baada ya Aprili 2019 wakawakuta wenyeji ambao kimbunga Kenneth kilikuwa kimekwisha kuwaezulia nyumba. Wasafiri wa namna mbili, basi, humwuliza mwenyeji mmoja mahali pa kulala: huyu ana pesa, yule hana, wala sijapata kusikia mwanafikihi aliyeipima haki ya mgeni kwa mfuko wake. Lau ningekuwa mimi mwenye nyumba, chumba ningempa aliyekimbia, na mtalii ningemtandikia mkeka barazani. Akinung'unika, nitajua alichokijia.