Sepetu Juu ya Boma



Tangu mwaka 1972 vyombo viitwavyo Landsat huzunguka dunia na kuzipiga picha nchi na bahari. Viwili vya sasa hupita kilometa 705 hivi juu yetu, na kila kimoja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16.

Katika picha hizo na tutazame pwani ya Ujerumani kwenye Bahari ya Kaskazini, kwa Walutheri wenzetu. Twaona Pellworm, na Nordstrand iliyounganishwa sasa na bara. Mashamba yake yamepangwa mistari mistari, na maboma ya udongo yanayazuia maji. Karibu nayo viko visiwa vidogo, Halligen, ambavyo dhoruba huvifunika, zikabaki nyumba tu juu ya vilima vilivyofanywa na mikono ya watu. Upande wa magharibi mafungu ya mchanga yasogea polepole kuelekea mashariki. Hayo yote jicho la juu laona. Lakini laona sura ya nchi tu, machozi hayaonekani.

Maana Pellworm na Nordstrand zamani zilikuwa kisiwa kimoja kikubwa, jina lake Strand. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1634 bahari iliyavunja maboma, na katika Strand peke yake walikufa watu zaidi ya 6,000. Ni kweli kwamba wazee wa nchi zile walichimba udongo mweusi wenye chumvi, wakauchoma wapate kuuza chumvi yake, na nchi ikashuka. Lakini tusiseme upesi kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wengine. Katika Luka 13 Bwana wetu alikataza hukumu ya namna hiyo alipotaja mnara wa Siloamu, akatuita sisi sote tutubu.

Sasa tuangalie lililofuata. Katika nchi ile kila mwenye shamba alikuwa na sehemu yake ya boma. Aliyeshindwa kuitengeneza alichomeka sepetu juu yake, akaondoka. Na aliyeing'oa sepetu ile alilichukua shamba, na mzigo wa boma pamoja nalo. Sheria hiyo haikuwa mbaya, kwa kuwa sehemu moja ikiwa dhaifu, kijiji kizima chafa maji. Lakini wenyeji wa Nordstrand waliobaki walikuwa wamekwisha kupoteza watu wao na ng'ombe wao. Nguvu za kujenga wangezipata wapi? Basi mwaka 1652 mtawala wao, Friedrich III, aliwapa matajiri wa Uholanzi nchi yao, nao wakanyang'anywa hata kile kidogo ambacho bahari iliwaachia.

Ndivyo ilivyo sheria, ndugu. Yaona sawasawa kama jicho lile la juu, yaonyesha palipobomoka. Lakini asiye na nguvu haimpi nguvu. Kwa hiyo Mwana wa Mungu hakukaa juu akitutazama. Alishuka katika maji yetu, akaishika sehemu ya boma tuliyoshindwa sisi, akaijenga kwa mwili wake. Hiyo ndiyo Injili.

Basi na tujiulize katika sharika zetu. Yuko mjane asiyeweza kutoa sadaka yake. Yuko mgonjwa asiyefika kwenye kazi ya kanisa. Yuko ndugu aliyeanguka, naye aona haya kuingia ibadani. Je, sisi twangoja achomeke sepetu yake aondoke, tupate kugawana nafasi yake? Au twachukua kikapu cha udongo na kwenda kusimama karibu naye?

Baada ya gharika ile watu wa kisiwa cha Hooge walikusanya vitu vya kanisa lililoharibika huko Strand, wakajenga kanisa lao navyo. Nalo lingaliko hata leo. Mungu hatupi kilichovunjika. Nasi tusimtupe ndugu.

Bwana atusaidie kwa Roho wake. Amina.