Hesabu ya Safari Ianzie Arafa

Ndugu Waislamu, hapana mtaa katika miji yetu ya pwani usiokuwa na mtu asemaye, "Inshaallah mwakani nitakwenda Hija." Mwaka waja, mwaka wapita, naye yu pale pale barazani, na neno lake ni lile lile. Tumewazika wangapi wakiwa na neno hilo mdomoni? Hatusemi kuwa hawakuwa na nia. Twasema nia yao haikuwa na hesabu.

Mtazameni Nabii Yusuf (a.s.) alivyowapangia watu wa Misri. Hakuanza na mavuno waliyokuwa wakiyaona; alianza na njaa ambayo bado haijafika. Alijua kuwa itakuja miaka 7 ya shida itakayokula akiba yote, akarudi nyuma mpaka miaka 7 ya neema iliyo kabla yake, akawaamuru walime mfululizo, nafaka waiache katika mashuke yake, wala wasipure ila kidogo cha kula. Na huyu ni Mtume, mwenye kumtegemea Mungu kuliko sisi sote! Basi asituambie mtu kuwa kupanga ni upungufu wa tawakkul.

Mwenye kutaka Hija naye na afanye vivyo hivyo. Mwisho wake waujua: kusimama Arafa, mwezi 9 Mfunguo Tatu. (Wala usisahau kuwa siku hiyo hurudi nyuma yapata siku 11 kila mwaka kwa tarehe za Kizungu.) Rudi nyuma kutoka hapo. Kabla ya Arafa, ihramu. Kabla ya ihramu, nauli na ruhusa ya safari. Kabla ya nauli, masurufu ya mke na watoto ya kuwatosha mpaka urejee. Na kabla ya yote hayo, madeni ya watu. Hapo ndipo utakapoona kuwa safari ya Makka haianzii uwanja wa ndege. Yaanzia kwa mwenye duka yule ambaye wapita kichochoro cha nyuma ili usionane naye.

Na akiba yenyewe twaipeleka wapi? Arusi moja ya kushindana na jirani yatosha kuila ya miaka mingi, kisha twalalamika kuwa hatuna uwezo.

Usiku huu, baada ya Isha, twaa karatasi. Andika Arafa juu kabisa, ushuke hatua kwa hatua mpaka kwa anayekudai, na kesho asubuhi umpelekee fungu la kwanza.