Data ya Mgonjwa ni Amana ya Nani?

Mwaka jana nilimnyima ndugu yangu katika Uislamu kitu ambacho hakikuwa changu. Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunaofanya utafiti hapa Mbarara tunaweza kuingia katika kosa hilo bila kulihesabu kuwa ni kosa.

Nilikuwa kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Mmea wangu ulikuwa omubirizi, ule mti mchungu ambao Wanyankole hutumia majani yake kwa homa, na ambao jirani zetu Warundi na Wanyarwanda katika makazi ya Nakivale, nilikolelewa, huuita umubirizi. Mzee mmoja mganga wa miti shamba alinionyesha anavyoyatwanga majani na kuyabandika juu ya vidonda. Nilikuja nayo maabara, nikaikamua dawa yake kwa njia mbalimbali na kuijaribu kwa bakteria waliotoka katika vidonda vya wagonjwa. Njia moja ilitia matumaini kidogo. Nyingine zote hazikufua dafu. Katika ripoti niliieleza ile moja. Nyingine zikabaki katika daftari langu.

Baadaye mwenzangu, tunayesali naye safu moja, aliniomba daftari lile kwa kuwa alitaka kuufanyia kazi mmea huohuo. Nikamwambia, "Subiri kwanza, bado sijamaliza." Ukweli ni kwamba niliogopa atanitangulia, na niliona haya kuonyesha yaliyoshindwa. Akaanza peke yake. Alipoteza muhula mzima, pamoja na pesa alizochangiwa nyumbani za kununulia kemikali, akirudia yaleyale ambayo mimi nilijua hayafanyi kazi. Hakunilaumu, kwa sababu hakujua. Mimi nilijua.

Nilijitetea moyoni kwamba daftari ni jasho langu. Lakini nilipohesabu kilichomo, niliona changu ni kidogo. Maarifa ya mmea ni ya mzee. Bakteria wametoka kwa watu waliokuwa na maumivu. Vifaa ni vya chuo. Changu kilikuwa kazi ya mikono, na mwenye kushika mali ya wengine kwa kazi maalumu sisi Waislamu tunamwita mwenye amana. Amana hurudishwa kwa wenyewe na hutumiwa kwa lile iliyotolewa kwalo. Wale wagonjwa hawakutoa usaha wao ili mimi nipate alama. Waliutoa ili dawa ipatikane.

Tazameni mfano ambao mji wetu umeshiriki. Kati ya mwaka 2005 na 2010 watafiti wa nchi 9 za Afrika walilinganisha kwinini na artesunati kwa watoto wenye malaria kali. Mbarara ilikuwa mojawapo ya vituo vyao 11. Watoto walikuwa 5,425. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunati, asilimia 8.5. Tofauti hiyo ni watoto wawili au watatu katika kila mia. Hospitali moja ikiwa na watoto wake mia chache isingeweza kujua kama hiyo ni kazi ya dawa au ni bahati tu. Ilibidi wote wafuate utaratibu mmoja na kuweka hesabu zao pamoja. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunati kwa watoto hao.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2013. Watafiti walikusanya data za wagonjwa 7,072 kutoka tafiti 26 zilizokwisha kufanywa kuhusu dawa ya mseto ya dihidroatemisinini na piperakwini. Zilipowekwa pamoja zilionyesha kwamba watoto wadogo walikuwa wakipewa dozi ndogo mno na malaria ikiwarudia zaidi. Mwaka 2015 dozi yao ikaongezwa katika mwongozo wa dunia. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Jibu lilikuwa limetawanyika katika makabati ya watu mbalimbali.

Hata hivyo, nilipomsimulia mama yangu, alinipa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Aliniuliza, "Na mtu aliyekimbia vita, akiwaambia jina lake, kijiji chake na ugonjwa wake, hayo nayo mtampa kila anayeomba?" Nakivale kuna watu ambao jina na kabila vikifika mahali pasipofaa vinaweza kuwarudishia hatari waliyoikimbia. Na yule mzee je? Akisikia kampuni ya mbali imetajirika kwa majani yake, ushirikiano wetu ataupa jina gani?

Kwa hiyo sisemi kila kitu kiwekwe hadharani. Kuificha amana ni khiyana, na kuimwaga ovyo pia ni khiyana. Matokeo ya maabara, hasa yaliyoshindwa, yatolewe, maana anayeyaficha anamwachia mwenzake aanguke katika shimo analolijua. Siri ya mgonjwa ibaki siri: jina, kijiji na kila kinachomtambulisha viondolewe kabla data haijatoka, na ridhaa aliyoitoa isivukwe. Haki ya mganga iandikwe mapema kwa makubaliano, jina lake na fungu lake. Hilo ndilo linalotakiwa na Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Uganda imejiunga nao.

Liko jambo moja zaidi tunalolisahau. Nilipokuwa mtoto, watu wa utafiti walikuja mtaani kwetu wakamtoa mama damu. Mpaka leo hajaambiwa walipata nini. Kushirikiana kunakoishia kwa watafiti wenyewe kumemwacha nje mwenye mali.

Daftari nimempa mwenzangu, kurasa zote, nikamweleza kwa nini nilimnyima. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwelekeze maandishi yangu mabaya. Ijumaa iliyofuata nilipanda taksi kwenda Nakivale kumweleza mzee kwamba kati ya njia zote nilizojaribu, moja tu imeonyesha dalili, na kwamba hiyo si dawa bado. Akaniuliza ni ipi. Nikamweleza. Akacheka, akasema yeye hakunifundisha hivyo.

Ndugu zangu, kabla hamjafunga daftari za mwaka huu, ulizeni zilizomo ni za nani.