Nani Anailipia Ndoto Yako?

Shaaban Robert alikuwa karani. Tunamtaja kwa sifa zake zote, mshairi, mwandishi wa riwaya, mwalimu wa adili, halafu tunasahau kwamba sehemu kubwa ya utu uzima wake ilipita katika ofisi za serikali ya kikoloni. Alianza kazi forodhani mwaka 1926, kijana wa miaka 17, akadumu huko hadi 1944. Baadaye akahamishiwa idara nyingine, kisha akawa karani katika ofisi za Tanga hadi 1959. Mwaka 1962 akafariki. Piga hesabu utaona kwamba muda aliobakiwa nao wa kuwa mwandishi asiye na bosi haukuzidi miaka mitatu hivi.

Nalikumbuka jambo hili kila ninapowasikia wahamasishaji wa siku hizi. Redioni alfajiri wapo, kwenye semina za vijana wapo, ukifungua simu wapo. Jitambue, wanasema. Kitafute unachokipenda kwa moyo wako wote, ukishakipata acha mengine yote ukifuate. Ni maneno matamu, na si ya uongo yote. Wapo watu waliozeeka ndani ya kazi wasiyoipenda hata siku moja, na ukikaa nao dakika kumi utajua. Kinachonikera ni kwamba hadithi hii husimuliwa kama vile mtu anaishi peke yake duniani: hana mzazi, hana mdogo wa kusomeshwa, hana mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mpwa wangu ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi. Alinijia jioni moja akaniambia anataka kuacha kazi awe mpiga picha. Picha zake ni nzuri, wala sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu, ana jicho. "Mjomba, nimeshajijua mimi ni nani," akasema. "Nikiendelea kukaa pale dukani nitakufa nikiwa hai." Nikamuuliza kodi ya chumba italipwa na nani. Akajibu bila kusita: "Mama kasema atanishika mkono mpaka nisimame."

Mama yake ni dada yangu. Anauza chapati na maharage karibu na stendi, na ili wateja wa asubuhi wamkute tayari inambidi awe ameshaamka saa kumi alfajiri. Kijana alikuwa ameihesabu kamera, ameihesabu lenzi, amehesabu hata bei ya kuchapisha kadi za kujitangaza. Usingizi wa mama yake haukuwamo katika hesabu, na yeye ndiye mhasibu.

Sisemi kwamba dada yangu anaonewa. Mzazi anayemwambia mwanawe "jaribu, nipo" anatoa kitu kikubwa, na anakitoa kwa hiari yake. Pengine hakuna msanii wala mwanamichezo aliyefika popote bila bega la mtu. Ninachosema ni kwamba bega hilo lina mwenyewe, na mtu anayedai amejijua huku hajui nani anambeba bado hajamaliza kazi hiyo ya kujijua.

Hebu turudi kwa karani wetu. Saa za kazi zilikuwa za serikali: mizigo, ushuru, daftari, barua. Vitabu ilibidi vipate nafasi nje ya saa hizo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Asiyewahi kutunga aulize waliotunga: ubeti mmoja wa utenzi wenye vina vilivyotulia unaweza kumkalisha mtu usiku mzima. Na huyo mtu kesho yake anatakiwa ofisini, nguo zimenyooshwa, kalamu mkononi. Sijui tunawezaje kuusoma utenzi ule tusijiulize nani alikuwa akipika, nani akiwanyamazisha watoto, nani akikubali mafuta ya taa yateketee kwa ajili ya vina. Historia za fasihi hazina desturi ya kuuliza maswali hayo, na ni upungufu.

Yeye mwenyewe, kwa bahati nzuri, hakuwa msahaulifu. Mkewe Amina alipofariki alimwomboleza kwa shairi linalosomwa mpaka leo. Kwa watoto alitunga tenzi mbili za malezi, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Hapo ndipo ninapomwona akituacha mbali sana. Wengi wetu tukishika tunachokipenda, nyumba huwa kero: mtoto akilia anatukatiza, mke au mume akiuliza ya unga anatuvunja moyo. Kwa Shaaban Robert, ubaba uliingia ndani ya kazi ya kalamu ukawa utenzi. Hata wajumbe sita wa Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, hawaendi kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini ili kujitafuta. Wanakwenda kutafuta lenye manufaa kwa nchi yao, na wanarudi, ingawa kurudi kwenyewe kunawapeleka kifungoni.

Tena huyu huyu ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, na sidhani alimchagua kwa bahati. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akawa muuza vyungu. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilianza kuwavuta watu alipokuwa akinadi vyungu hivyo. Mwaka 1911 akahamia mjini, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri, jambo lililokuwa geni kabisa kwa mwimbaji wa Kiswahili. Kipaji chake kilijitokeza barabarani, mzigo kichwani, katika kazi ambayo leo angeshauriwa aiache upesi ili apate nafasi ya kukitafuta.

Upande wa pili wa jambo hili lazima nao usemwe, maana wazee wenzangu watanishangilia mapema. Majukumu ni maficho mazuri mno. "Ningekuwa mwandishi, lakini nilikuwa na familia." "Ningeimba, lakini nani angewalisha?" Maneno haya nimeyasikia kwenye vibaraza vingi, na mara nyingine yana ukweli mchungu ndani yake. Mara nyingi zaidi lakini mtu hakujaribu hata Jumapili moja. Jioni zake zilipotelea kwenye bao na mabishano ya mpira, kisha lawama akazibandika kwa watoto. Watoto hao wakikua husikia kwamba wao ndio walioua kipaji cha baba, deni ambalo hawakulikopa. Mbele ya karani mwenye beti 3,000, udhuru huo haufiki mbali.

Mpwa wangu sikumkataza. Nilimwomba akae na mama yake, waandike kiasi na muda: atasaidiwa shilingi ngapi kwa mwezi, mpaka mwezi gani, na baada ya hapo nini kitafuata. Hakufurahi. Alitaka baraka, nami nikampa karatasi. Walikaa, wakabishana, na kwa sasa bado yuko dukani Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi anapiga picha za harusi. Sijui kama ataishia kuwa mpiga picha mkubwa. Kodi anailipa mwenyewe.

Nawe unayesoma, kama barua ya kuacha kazi tayari iko mfukoni, usiichane kwa ajili yangu. Kabla hujaipeleka, kaa na watu watakaobeba pengo la mshahara wako, uwatajie kiasi bila kukipunguza. Wakikubali, nenda kwa moyo wote. Fedha ya kwanza ikiingia, anza na wao.